Redio ya Kijapani au ya Android: saa na sauti

Magari mengi ya Kijapani yanayopanda Mbeya huja na redio yake. Saa yake ni rahisi: shikilia kitufe cha CLOCK hadi namba zianze kumetameta, kisha H kwa saa, M kwa dakika. Japani iko saa 6 mbele yetu, kwa hiyo isipoguswa huonyesha 1:00 wakati huku ni 7:00 asubuhi, yaani saa moja ya Kiswahili kamili! Wapo wanaoiacha hivyohivyo.

Redio ya Android, yenye skrini na mfumo kama wa simu, saa yake huwekwa mara moja: zima muda wa mtandao, chagua GMT+3 (Nairobi). Saa ikirudi nyuma kila ukizima gari, mara nyingi kosa ni la nyaya. Waya wa njano lazima upate umeme wa betri muda wote, mwekundu ufuate swichi. Fundi akiuunga wa njano kwenye swichi, saa inaweza kufutika, pamoja na stesheni.

Kwa sauti, ya Kijapani mara nyingi ina BASS (besi), TREB (sauti nyembamba), BAL (kushoto na kulia) na FAD (mbele na nyuma) tu, na kwa spika za kiwandani zinatosha. Ikwaizaa (kirekebisha sauti) ya Android ni tamu, ila ukipandisha besi hadi mwisho spika hizohizo zitakoroma. Anza na +2.

Kikwazo kikubwa cha ya Kijapani ni FM: nyingi za zamani huishia 90 MHz, zetu hufika 108. Kigeuza masafa husaidia, lakini namba za stesheni hubadilika. Hapo Android inashinda.