Mkopo wa kununua madeni katika SACCOS ya watumishi: tathmini ya mwanachama

Huduma ninayoitathmini hapa ni mkopo wa kununua madeni, yaani mkopo unaolipa madeni ya mwanachama kwa wakopeshaji wengine kisha yeye akairejeshea SACCOS, unaotolewa na SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) ya watumishi wa umma katika wilaya ninayofundisha, mkoani Morogoro. Niliuomba baada ya kiwanda alichokuwa akifanyia kazi mume wangu kupunguza wafanyakazi, na nyumba iliyozoea mishahara miwili ikabaki na mmoja, ilhali madeni yake yote yalikuwa yamepangwa kwa kutegemea miwili. Mwanachama aliye katika hali kama hiyo hushawishika kukopa mahali pengine ili alipe marejesho ya mwezi huu, na ni kwa ajili yake ninaandika, kwa sababu ninaamini huduma hii inafaa zaidi, ingawa ina kasoro ambazo uongozi unapaswa kuzirekebisha.

Sifa yake kubwa ilionekana kabla sijajaza fomu yoyote. Afisa mikopo alichukua karatasi, akachora safu nne: anayedai ni nani, kimebaki kiasi gani, tunarejesha kwa siku au kwa mwezi, na kila laki moja ya deni hilo inatugharimu kiasi gani. Tulikuwa na mkopo wa mabati niliouchukua hapo hapo SACCOS, mkopo wa kwenye simu, ada ya mtoto wa sekondari, deni la dukani, na mkopo wa mtaani unaorejeshwa kila siku, wa aina ambayo watu huiita kausha damu. Mimi nilikuwa nikiuhofia zaidi ule wa mabati kwa sababu tarakimu zake zilikuwa nyingi. Yeye akaweka kalamu kwenye safu ya nne na kusema, "Mwalimu, tuanze na hili linalokula kila siku."

Hesabu zake zinastahili kuelezwa, kwa kuwa wengi tunaulizia kiwango cha rejesho tu. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi 300,000 unaorejeshwa shilingi 12,000 kila siku kwa siku 30. Mkopaji atalipa 360,000, yaani nyongeza ya asilimia 20 ndani ya mwezi mmoja. Lakini kwa kuwa anaanza kurejesha mara moja, fedha anayobaki nayo kwa wastani ni kama nusu tu ya aliyokopa, hivyo uzito halisi wa gharama hiyo unakaribia kuwa maradufu. Kikomo cha riba kilichowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani taasisi na watu binafsi wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Tofauti hiyo ndiyo iliyotosha kuamua ni deni lipi linunuliwe kwanza.

SACCOS yetu hutoza riba juu ya salio linalopungua, na hapa pia afisa alinionyesha kwa tarakimu badala ya maneno. Mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye salio, unazaa riba ya shilingi 18,000 mwezi wa kwanza na 1,500 mwezi wa mwisho, jumla 117,000. Asilimia hiyo hiyo ikitozwa kwenye kiasi cha awali bila kujali ulichokwisha kurejesha, jumla inakuwa 216,000. Mikopo hiyo miwili inaweza kutangazwa kwa maneno yale yale, "riba asilimia moja na nusu", na mteja asiyeuliza inahesabiwa juu ya nini hatajua kwamba mmoja una riba inayokaribia mara mbili ya mwingine.

Jambo jingine nililolipenda ni kwamba fedha haikupita mikononi mwetu. SACCOS ililipa madeni yaliyonunuliwa moja kwa moja, ikadai uthibitisho wa maandishi kwamba yamekwisha, na mkopeshaji wa mtaani alitakiwa arejeshe kadi yangu ya benki, ambayo alikuwa akiishikilia kama dhamana pamoja na namba yake ya siri. Alikataa mwanzoni kuandika barua ya salio, akitaka tulipe siku zote zilizobaki kana kwamba kumaliza mapema hakuna maana. Afisa wetu alipiga simu mwenyewe, kwa lugha ya heshima na bila kuchoka, hadi barua ikapatikana. Siku niliyoishika kadi ile tena nilibadilisha namba ya siri palepale kwenye mashine.

Hata hivyo, mkopo huu haukuweza kubeba kila kitu, na mwombaji ajue hilo mapema. Kwa mtumishi wa umma, makato hayaruhusiwi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwangu, asilimia 15 ilikuwa inakwenda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na juu yake kulikuwa na rejesho la mabati. Nafasi iliyobaki ilitosha kununua deni la kila siku na lile la kwenye simu tu. Kuna watumishi wanaoilalamikia kanuni hiyo ya theluthi. Mimi ninaiunga mkono, maana bila hiyo ningesaini kiasi ambacho kisingetuachia hata fedha ya unga.

Ada na chakula vilitegemea haki za mume wangu, ambazo afisa alitukumbusha ingawa hazihusiani na SACCOS. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa anayeachishwa kwa kupunguzwa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, isiyozidi miaka 10. NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) nayo ina fao la kukosa ajira, ambalo kwa aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kiinua mgongo kilikwenda shuleni. Fao lilitunza jiko, na kila wiki tulipunguza kidogo deni la dukani, ambalo halikuwa na riba wala karatasi, ila mwenye duka alitukopesha kwa kutuamini, nasi tuliliheshimu kuliko yote.

Kasoro ya kwanza ni ucheleweshaji. Kamati ya mikopo hukutana mara moja kwa mwezi, na wakati mwombaji anasubiri kikao, deni la kila siku linaendelea kudai. Kwa mkopo wa kujenga, kungoja ni usumbufu. Kwa mkopo wa kununua madeni, kungoja kunapunguza faida yenyewe. Ninapendekeza watu wawili wa kamati waruhusiwe kuidhinisha maombi ya aina hii kati ya vikao, kwa kikomo kitakachowekwa na mkutano mkuu.

Kasoro ya pili ni wadhamini. Walimu wenzangu wawili waliweka akiba zao rehani kwa ajili yangu, na akiba hizo zimefungwa kwa kiwango kile kile hadi nitakapomaliza, hata baada ya mimi kurejesha zaidi ya nusu. Mmoja wao alihitaji kukopa ili amuuguze mama yake, akapewa pungufu ya stahili yake. Hilo limenihuzunisha kuliko marejesho yenyewe. Udhamini ungepaswa kupungua sambamba na salio, kama riba inavyopungua, na nimeshawasilisha hoja hiyo kwa maandishi ili iingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao.