Picha ya Mafuta ya Mkuu wa Chuo, Wales: Maoni ya Mteja

Chuo ninakofanya kazi hapa Wales kina desturi ya kumchoresha kila Mkuu anayestaafu kwa rangi ya mafuta, na picha yake ikatundikwa ukumbini pamoja na za waliomtangulia. Desturi hiyo imeenea katika vyuo vya nchi hii tangu enzi za vile vikongwe vitatu, Aberystwyth (1872), Cardiff (1883) na Bangor (1884), vilivyounganishwa mwaka 1893 kuwa Chuo Kikuu cha Wales. Mimi, mtu wa Tanga nisiyejua hata kushika brashi, niliteuliwa na kamati kusimamia agizo hilo, na ninaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayeangukiwa na kazi ya namna hii. Mchoraji sitamtaja jina.

Tuliagiza picha ya nusu mwili, sentimita 127 kwa 102, juu ya turubai ya kitani, kwa pauni 9,000 pamoja na fremu. Mkuu alikaa vikao sita vya saa mbili mbili kando ya dirisha la upande wa kaskazini, ambako mwanga haubadilikibadiliki.

Uso peke yake unastahili fedha tulizotoa. Mchoraji hakumrudishia mzee wetu ujana: mifuko chini ya macho imo, na jicho la kushoto, ambalo hufinyika kidogo kila anaposikiliza udhuru asiouamini, limefinyika vilevile. Joho nalo ni kazi ya fundi hasa. Ukilisogelea huoni weusi mtupu, bali buluu, kahawia na zambarau zilizopakwa tabaka juu ya tabaka, na utepe wa dhahabu ni vidoa vinene vya manjano vilivyoinuka juu ya turubai. Rudi nyuma hatua nne, vidoa hivyo vinakuwa nyuzi. Marehemu mama yangu, aliyekuwa akidarizi kofia, angeupeleka mkono kuupapasa utepe ule.

Mkono wa Mkuu ulioshika kitabu, kwa bahati mbaya, umelala kama kichane cha ndizi. Tulipolalamika tulionyeshwa mkataba, ambao ulitaja uso na vazi bila neno lolote kuhusu mikono. Hilo ni kosa letu.

Pia hatukuelezwa mapema kwamba rangi ya mafuta haikauki kwa maji kugeuka mvuke, bali kwa mafuta yenyewe kushikana polepole na hewa, hivyo vanishi ya mwisho husubiri miezi sita au zaidi. Siku ya kuizindua, picha ilikuwa na mabaka, huku yaking'aa na huku yamefifia, na wageni wakadhani imemwagikiwa kitu. Mchoraji alirudi baadaye akaipaka vanishi bila malipo ya ziada, na mabaka yakatoweka.

Kilichoniudhi zaidi ni bamba la shaba chini ya fremu. Jina la kijiji alikozaliwa Mkuu lina herufi ŵ, na ile alama ya juu, ambayo Wawelshi huiita to bach, yaani paa dogo, ilikuwa imeachwa. Mkuu alicheka, mkewe hakucheka. Bamba jipya lilifika baada ya wiki tatu, likiwa fupi kuliko la kwanza, na matundu mawili ya skrubu za zamani yanaonekana hadi leo.