Mfululizo wa chakula kutoka shambani hadi kiwandani: chai wameipatia, kukausha mpunga wamekuruka

Nimeutazama mfululizo wote kwenye kingamuzi. Kama una nafasi ya sehemu moja tu, tazama ya chai.

Hapo kamera haikukimbilia mashine za kufungashia. Imetulia kwenye mabirika ya kunyaushia, yale marefu yenye wavu chini na feni upande mmoja, ambako jani bichi hulala saa 12 hadi 18. Jani lililonyauka sawasawa ukilifinya halivunjiki, na kikonyo chake kinapinda kama uzi. Bado lina maji karibu asilimia 70. Likiingia kwenye rola za kusagia likiwa bichi mno linatoka ujiuji. Baada ya rola, majani yaliyosagwa hupigwa hewa saa moja au moja na nusu mpaka yawe na rangi ya shaba, kisha hukaushwa hadi maji yabaki asilimia 3 hivi. Hesabu yao ya kilo 4 hadi 5 za jani bichi kwa kilo moja ya chai kavu ndiyo tunayoijua Mufindi na Rungwe.

Ila wameacha safari ya kutoka shambani. Jani likishindiliwa kwenye gunia, likasubiri gari kituoni mchana kutwa, linapata joto lenyewe. Tumbukiza mkono katikati ya gunia: ukikuta vuguvugu na majani yameanza wekundu, chai hiyo imeshaharibika na hakuna rola ya kuirudisha.

Sehemu ya mchele imeniudhi. Kwanza maandishi ya Kiswahili yanasema "mashamba ya mchele". Kesho watatupandia wali! Halafu wameonyesha rola za mpira za kukoboa, mashine ya kung'arisha na ya kutenga chenga (punje zilizovunjika), wakasema kilo 100 za mpunga hutoa kilo 65 hivi za mchele. Sawa, kama mpunga umekaushwa vizuri, na kukausha ndiko hawakugusa kabisa. Mpunga wa Kyela au wa Usangu ukianikwa kwenye jua kali bila kugeuzwa, punje hukauka nje kuliko ndani na kupata ufa. Ukinyeshewa baada ya kukauka, ndiyo zaidi. Menya punje kwa kucha uielekeze kwenye mwanga, utaona mstari mwembamba umeikatiza. Hiyo ni chenga tayari, lawama itamwangukia mwenye mashine. Tandaza kina cha sentimita 3 hivi, geuza kila nusu saa, funika saa za jua kali, anua unyevu ukifika asilimia 14.

Ya mahindi ni ya kawaida. Ya viazi, mtu wa Njombe, aliyezoea kuvilima, airuke tu.

Nyota 4 kati ya 5. Ile ya chai ingefaa ioneshwe kwenye vituo vya kupokelea majani, wakati watu wanasubiri gari.