Waliokataa kuniuzia kalsiamu

Mbwa wangu Bosi ana miezi mitano, chotara wa German Shepherd na Boerboel. Jumamosi mizani ya duka la dawa za mifugo hapa Kijenge, Arusha, ilisoma kilo 21. Hao watu wa dukani nawashukuru sana.

Mara ya kwanza nilifuata unga wa kalsiamu, maana kwingine niliambiwa mbwa wa mbegu kubwa lazima aongezewe. Dada wa kaunta akakataa kuniuzia. Alinieleza kwamba mwili wa mtoto wa mbwa hauwezi kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie, na akikuzwa haraka kupita kiasi mifupa na viungio vinaharibika. Akanipa chakula kikavu cha watoto wa mbegu kubwa, kimeandikwa kalsiamu asilimia 1.2. Ukilisha hicho, usiongeze kitu.

Wanapima kwa kilo, shilingi 9,500. Kwangu ni ghali. Lakini alipokuwa anakula ugali na dagaa kinyesi kilikuwa majimaji kila siku. Sasa ni kigumu, na manyoya yanang'aa. Anakula mara tatu, kwa kikombe, na mbavu zake nazigusa kwa vidole bila kubonyeza sana. Hivyo ndivyo walivyonifundisha kupima unene. Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata hapo hapo alipofikisha miezi mitatu.

Kasoro ni moja: mfuko wa kupimia unakaa wazi mchana kutwa, na wiki iliyopita nilipewa chakula kilichokwisha kulegea. Waombeni wafungue mwingine. Mimi niliomba, wakanibadilishia bila maneno.