Kifurushi cha mawakili cha kujibu rasimu ya CQC: kinafaa kwa nani?

Wenye kampuni za kea (uangalizi wa wazee, wagonjwa na wenye ulemavu) huko England wanaijua ile barua pepe. CQC, tume inayosajili na kukagua huduma za afya na kea, inakutumia rasimu ya ripoti, na kuanzia hapo una siku 10 za kazi kuonyesha palipokosewa. Hapo ndipo mawakili wa sekta hii wanapouza kifurushi cha bei moja: wanasoma rasimu, wanaandika majibu, wewe unayatuma. Ni huduma nzuri kwa rasimu ya aina moja tu, ile inayokushusha alama, yaani daraja la ubora ambalo CQC huipa huduma, kwa madai unayoweza kuyapinga kwa karatasi.

Tuanze na usichohitaji kukinunua. Fomu ya CQC ya kusahihisha rasimu ni ya bure na maelekezo yake yako kwenye tovuti yao. Kila hoja inataka mambo matatu: iko wapi kwenye rasimu, kosa ni lipi, ushahidi uko wapi. Kama kilichokosewa ni idadi ya vitanda au tarehe, jaza mwenyewe, pesa yako ibaki mfukoni.

Thamani ya wakili iko kwenye sentensi zinazobeba alama. Chukua mfano huu: "Wahudumu hawakuwa wamefundishwa kutumia hoisti ya kumnyanyulia mgonjwa." Mwenye kampuni aliyepandwa na hasira huandika, "Si kweli, wafanyakazi wetu wote wana mafunzo na tunawajali wateja wetu sana." Mkaguzi hana cha kufanya na maneno hayo. Jibu lenye kazi ndani yake linasomeka hivi: ukurasa wa 6, aya ya 3; siku ya ukaguzi wahudumu 11 kati ya 12 walikuwa na vyeti hai, na wa 12 alikuwa likizo ya uzazi, hakupangiwa zamu; kiambatisho cha 4 ni jedwali la mafunzo, cha 5 ni ratiba ya zamu; tunaomba sentensi isomeke hivi na hivi. Halafu ije hatua ambayo wengi huiruka: sentensi hiyo ikibadilika, dai kwamba Kanuni ya 12 ya huduma salama ilivunjwa linakosa pa kusimama, kwa hiyo alama ya kipengele cha usalama iangaliwe upya. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo unayoilipia. Ukiona kifurushi kinakurudishia masahihisho ya lugha na malalamiko kuhusu ukali wa mkaguzi, umepunjwa.

Ushahidi hata hivyo utautafuta wewe. Wakili haijui kabati yako, na bei moja karibu siku zote ina kikomo cha kurasa au saa. Uliza kabla ya kusaini. Ukimtumia skani 200 zenye majina kama IMG_0412, muda wa kuzichambua unakatwa kwenye muda wa kukutetea. Zipe namba, ficha majina ya wateja wako, na weka zile zilizokuwepo siku ya ukaguzi tu. Cheti cha wiki iliyofuata hakisahihishi ripoti. Tena siku 2 za mwanzo zinaweza kuliwa na taratibu za ofisi ya wakili, maana lazima ahakiki wewe ni nani na barua ya masharti isainiwe. Pasipoti na hati za kampuni ziwe tayari kabla rasimu haijatua.

Swali jingine la kumuuliza: mkaguzi akikataa kusahihisha kosa lililo wazi, utafanya nini? Anayeijua kazi ataitaja kesi ya SSP Health dhidi ya CQC ya mwaka 2016, ambamo Mahakama Kuu iliona kwamba haki ilidai kukataa kwa namna hiyo kupitiwe na mtu mwingine. Kuna sababu ya kuling'ang'ania jambo hilo mapema: ripoti ikishachapishwa, ombi la kupitia alama husikilizwa kwa hoja moja tu, kwamba CQC haikufuata utaratibu wake.

Udhaifu mkubwa wa kifurushi ni kile kisichokuwemo, yaani notisi, barua rasmi ambayo CQC hukupa inapokuchukulia hatua za kisheria. Rasimu inaweza kuja huku notisi nayo iko njiani, na watu hudhani jibu moja linatosha kwa zote mbili. Halitoshi. Notisi ya onyo chini ya kifungu cha 29 cha sheria ya afya na kea ya 2008 ina siku zake 10 za kazi za kutoa hoja, na haikatiwi rufaa kwenye baraza la viwango vya kea, chombo kinachosikiliza rufaa dhidi ya CQC. Notisi ya pendekezo, mfano la kukufutia usajili, ina siku 28, na hizo zinahesabu Jumamosi na Jumapili. Ukinyamaza, pendekezo linaweza kupita kama lilivyo. Notisi ya uamuzi ikifuata una siku 28 nyingine za kukata rufaa kwenye baraza hilo. Ya kifungu cha 31, ya kusimamisha usajili au kuuwekea masharti kwa dharura, ni kali zaidi, inaanza kufanya kazi papo hapo. Rufaa yenyewe haina ada ya kufungua, na baraza huangalia hali ilivyo hadi siku ya kusikilizwa, kwa hiyo kile cheti kilichochelewa, huku kina faida.

Washauri wasio mawakili, wengine wakiwa wakaguzi wa zamani, ni wazuri kwa mpango wa maboresho na kwa kawaida bei yao ni nafuu. Ila mawasiliano nao hayalindwi na usiri wa kisheria kama ya wakili, na CQC ina mamlaka ya kudai nyaraka. Ripoti yao ya ukaguzi wa majaribio inayosema dawa zinagawiwa ovyo inaweza kuishia mezani kwa mkaguzi.

Kwenye bei, soma herufi ndogo. VAT ni asilimia 20, na kampuni nyingi za kea haziwezi kuirudisha kwa sababu huduma zao zimesamehewa kodi hiyo, kwa hiyo pauni 1,000 ni pauni 1,200. Piga simu kwa bima yako kabla ya kusaini chochote. Sera nyingine hulipa gharama za wakili, lakini kwa yule tu waliyemkubali kabla kazi haijaanza.

Na meneja aliyesajiliwa ana usajili wake binafsi, anaweza kupelekewa notisi yake peke yake. Kama utetezi wa kampuni ni kwamba meneja ndiye aliyezembea, wakili mmoja hawezi kuwabeba wote wawili, na kifurushi ulicholipia ni cha kampuni.