Mafunzo ya kuuguza wazee: semina ya Mtwara mjini, au mkufunzi afike nyumbani Newala?

Kwa gharama, semina ina nafuu, kwani ukumbi mmoja hukusanya wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa siku chache, ingawa posho na nauli (tusifichane) hula bajeti. Dalili za kiharusi hufundishika vizuri hapo. Lakini kumgeuza mzee asiyeinuka kitandani kila baada ya saa 2, asipate vidonda vya mgandamizo, hakufundishiki kwa picha za ukutani. Mjukuu anayemuuguza bibi yake hujifunza akiwa ameshika shuka mwenyewe, mkufunzi akimwelekeza mikono. Ila msimu wa korosho wauguzaji hushinda shambani, na mkufunzi hukuta mlango umefungwa. Zahanati yenye watumishi wapya itafaidika na semina. Familia yenye mgonjwa wa kitandani, na mkufunzi.