Nilivyoitazama tena One Piece ya waigizaji, juzuu mkononi

Mara ya kwanza niliitazama tamthilia ya One Piece mwanzoni mwa Septemba 2023, siku chache baada ya Netflix kuitoa tarehe 31 Agosti, na ninakiri kwamba sikuitazama kwa haki. Nilikaa mbele ya runinga kama mzazi aliyekwenda kuchukua matokeo ya mtihani wa mwanawe huku ameshajiandaa kwa aibu. Wasomaji wa manga, hadithi za picha za Kijapani ambazo tamthilia hii imetokana nazo, tumezoea kuumizwa na watayarishaji wa nje ya Japani, na Tomorrow Studios, kampuni iliyoitengeneza, ilikuwa na jeraha bichi la Cowboy Bebop, tamthilia nyingine iliyotokana na katuni ya Kijapani, kazi ya mwaka 2021 iliyofutwa ndani ya wiki tatu tangu ianze kuonyeshwa. Basi kila sehemu ilipokwisha bila kuharibika nilishusha pumzi, na baada ya sehemu ya nane nikawa ninamwambia kila mtu kwamba ni kazi nzuri. Nadhani sasa nilichokuwa ninakisifu ni kule kusalimika kwangu.

Safari hii niliweka utaratibu mwingine. Nilipopata likizo nilijipangia sehemu moja kila usiku, na kabla ya kuiwasha nilisoma kwanza sura za manga zinazohusika, ambazo ninazo kwenye tableti. (Kwa mgeni wa mambo haya, manga hii haina undugu na pilipili manga, na hii ya Eiichiro Oda imekuwa ikichapishwa katika jarida la Shonen Jump tangu Julai 1997.) Kisa cha mwanzo, kile cha bahari ya East Blue, kinachukua takriban sura 100, nazo tamthilia imezibana ndani ya sehemu nane ambazo kila moja inakaribia saa nzima. Katika sehemu hizo tunamwona Luffy, kijana aliyekula Tunda la Shetani akageuka kuwa wa mpira na kupoteza uwezo wa kuogelea, akiwakusanya mmojammoja mabaharia wake huku akijitangaza kuwa mfalme wa maharamia ajaye. Mpwa wangu wa miaka 11, ambaye hajasoma hata ukurasa mmoja wa manga hiyo, alijiunga nami kuanzia usiku wa tatu, na kuwapo kwake kulinisaidia kuliko nilivyotarajia.

Nianze na kilichonifurahisha zaidi mara ya pili kuliko ya kwanza, yaani vitu vinavyoshikika. Tamthilia ilipigwa Cape Town, na merikebu zile zilijengwa kweli kwa mbao, kamba na matanga, kwa hiyo mtu anaposimama juu ya sitaha ya Going Merry unamwona akiweka mguu kwa tahadhari kama anayejua kuwa ubao una utelezi. Mgahawa wa Baratie, unaoelea baharini ukiwa na sura ya samaki mkubwa, una jikoni lenye mvuke na masufuria yaliyoungua kwa matumizi. Hata wale konokono wanaotumika kama simu, ambao nilidhani watafutwa kwa kuogopa kuchekwa, wamewekwa mezani na macho yao mazito yaliyochoka, wakisubiri mtu azungumze. Ukisikiliza kwa makini utatambua pia lafudhi ya Afrika Kusini ikichomoza katika vinywa vya waigizaji wa pembeni, jambo ambalo mimi sikuliona kuwa kasoro, kwa sababu ulimwengu wa Oda ni wa mabandari yenye watu wa kila asili.

Kuhusu waigizaji wakuu sina ugomvi mkubwa. Iñaki Godoy, kijana wa Meksiko anayemwigiza Luffy, amekwepa mtego wa kumwiga yule wa katuni kwa makelele, na badala yake amemjengea uchangamfu wa mtu ambaye hajawahi kufikiri kwamba anaweza kukataliwa. Lile pama lake la majani makavu analivaa kama kitu alichokabidhiwa, si kama pambo. Mackenyu, anayemwigiza Zoro, ana utulivu wa mpiga upanga, na Taz Skylar anarusha mateke ya Sanji, mpishi wa kundi, kwa miguu yake mwenyewe baada ya mazoezi ya miezi mingi, jambo linaloonekana, kwa maana kamera haihitaji kukatakata ili kumsitiri. Jeff Ward, katika nafasi ya Buggy, haramia mwenye sura ya mchekeshaji wa sarakasi, anatisha na kuchekesha ndani ya sentensi moja. Uamuzi wa kuugeuza mji aliouteka kuwa hema la sarakasi, ambamo watazamaji wamefungwa minyororo na kulazimishwa kupiga makofi, haumo katika manga, nami naona umeizidi ile ya asili.

Mabadiliko mengine niliyoyakubali ni habari za Garp, ofisa mkubwa wa jeshi la majini. Katika manga, msomaji hubaki gizani kuhusu undugu wake na Luffy mpaka baada ya sura zaidi ya 400, ilhali hapa siri hiyo inafichuliwa ndani ya msimu wa kwanza. Mara ya kwanza nilikasirika. Niliporudia niligundua kwamba jambo hili limewapa maisha Koby na Helmeppo, vijana wawili wanaojiunga na jeshi hilo. Katika manga, mafunzo yao jeshini yalisimuliwa kwa vipicha vya jalada la sura tu, na hapa yamekuwa uzi unaokwenda sambamba na safari ya Luffy, hivyo kwamba kila Luffy anapoingia katika uharamia kwa furaha, tunaye kijana mwingine anayejiuliza sare aliyoivaa inamtumikia nani.

Ubaya unaanza katika sehemu ya tatu na ya nne, kijijini kwa Usopp, kijana anayekuja kujiunga na kundi la Luffy. Watayarishaji wameamua kuigeuza hadithi ya mwongo wa kijiji kuwa kisa cha kutisha ndani ya jumba la kifahari usiku, ambamo Kuro, nahodha wa maharamia aliyejificha kama mtumishi, anazungukazunguka na makucha yake ya chuma. Naelewa sababu, kwa kuwa jumba moja ni rahisi kulipiga picha kuliko mteremko wa pwani wenye maharamia kadhaa. Lakini angalia kilichopotea. Usopp wa manga ana watoto watatu wanaomwamini na kumfuata kila asubuhi, na anapojua kwamba maharamia wanakuja kweli, na wanakijiji wanakataa kumwamini, anachagua kuwadanganya watoto hao kwamba aliongopa, ili kijiji kilale kwa amani naye aende kupigana kimyakimya. Ni mwongo anayetumia uongo wake wa mwisho kuokoa watu ambao hawatajua kamwe. Katika tamthilia watoto hao hawamo, na Usopp amebaki kuwa kijana mwoga anayempenda binti tajiri na kuishia kumbusu. Mtumishi Merry, ambaye katika manga anapona majeraha yake, hapa anauawa ili tushtuke, na tulishtuka, lakini kifo chake hakifanyi kazi nyingine yoyote.

Baratie imenusurika, tena kwa heshima. Nilirudia mara mbili tukio la mwamba, pale Sanji akiwa mtoto na Zeff, mzee aliyekuja kumlea, wanapokwama juu ya jabali tupu katikati ya bahari. Zeff anamgawia mtoto mfuko mdogo wa chakula na kubaki na mfuko mkubwa, na mtoto anamchukia kwa uchoyo huo siku baada ya siku, mpaka njaa inamsukuma kwenda kuuchoma kisu mfuko ule mkubwa. Inamwagika dhahabu na vito, wala hakuna hata punje ya chakula. Kisha anautazama mguu wa mzee. Katuni ya televisheni ya Japani ililainisha jambo hili kwa kuonyesha mguu umenaswa na kukatika wakati wa dhoruba. Tamthilia imerudi kwenye manga, ambako Zeff aliula mguu wake mwenyewe ili mtoto apate chakula chote. Craig Fairbrass, anayemwigiza Zeff, analisema hilo bila kujipigia kifua, kama mtu anayetaja bei ya samaki. Mpwa wangu alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama mtu anaweza kweli kufanya vile. Nilimjibu kwamba katika hadithi hii amefanya.

Jambo ambalo nimekuja kulisema hasa liko mwishoni, katika kijiji cha Cocoyasi. Binti aitwaye Nami, mmoja wa mabaharia wa Luffy, amefanya kazi kwa miaka minane chini ya Arlong, mtu-samaki aliyemuua mama yake wa kulea, akikusanya beri (sarafu ya ulimwengu huo) milioni 100 ili akinunue kijiji chake kitoke utumwani. Katika manga kuna siri mbili. Ya kwanza ni ya Nami, kwamba anaiba kwa ajili yao. Ya pili ni ya wanakijiji, kwamba walishajua. Miaka minane kabla walimbana Nojiko, dada yake Nami, akawaambia ukweli, nao wakakubaliana kuendelea kumnunia na kumwita msaliti, ili siku akichoka na kutaka kukimbia asizuiwe na matumaini yao. Nilipoisoma sura hiyo tena usiku ule, ilinibidi niiweke tableti pembeni. Kijiji kizima kilijibebesha uigizaji wa chuki kwa sababu ya mapenzi.

Tamthilia imelifuta hili. Wanakijiji wanamchukia kwelikweli, na Nojiko mwenyewe anamwona ndugu yake kuwa amewauza mpaka siku anapopata kuujua ukweli. Nadhani waandishi waliona kwamba chuki ya kweli ni rahisi kuieleza kwa dakika chache kuliko chuki ya kuigiza, na kwa hesabu ya dakika hawakukosea. Lakini matokeo yake ni kwamba wanakijiji wamekuwa mandhari tu, watu wa kuokolewa, ilhali katika manga wao ndio walioanza kumlinda binti huyo kabla Luffy hajazaliwa katika mawazo yake. Mpwa wangu hakukubaliana nami. Nilipomweleza tofauti hiyo alisema, "Sasa si ndiyo vizuri, mjomba? Hana hata mtu mmoja wa kumwambia." Hoja yake ina uzito, kwa sababu upweke wa Nami katika tamthilia ni mkavu zaidi, na unapofika wakati wa yeye kupiga magoti akiuchoma kwa kisu mchoro wa Arlong ulioko begani, Emily Rudd anaubeba upweke huo mzima. Luffy anamshika mkono. Anaomba msaada. Pama linawekwa kichwani mwake. Tukio hilo limefaulu, nami nililia mara zote mbili, ila mara ya pili nililia huku nikijua ni nini kilichotolewa ili nafasi ipatikane.

Vita vinavyofuata vimefupishwa mno. Hatchan, mmoja wa wapiganaji wa Arlong, hayumo, na wenzake wa Arlong wanaobaki wanapigwa upesi kama watu wanaowahi daladala. McKinley Belcher III, anayemwigiza Arlong, anafanya kazi kubwa nyuma ya pua ile ya msumeno, na sura za bandia za watu-samaki zimetengenezwa vizuri kiasi kwamba unaona uchovu na dharau chini ya mpira. Tatizo ni kwamba baada ya kutengenezewa uso wa namna hiyo alistahili kupewa sehemu moja zaidi.

Kuna na jambo la kamera. Karibu kila mazungumzo yamepigwa kwa lenzi pana iliyosogezwa puani, mpaka mashavu yanavimba pembeni na ukuta wa nyuma unapinda. Nafahamu kwamba ni jaribio la kuiga michoro ya Oda, ambaye hupenda nyuso zinazojaza kisanduku kizima, na kwa Buggy inafaa sana. Kwa mazungumzo ya huzuni ya watu wawili inachosha, nami kufikia usiku wa tano nilikuwa nikiketi nyuma kidogo kwenye kochi bila kukusudia.

Ushauri mmoja kwa atakayeitazama: jaribu angalau sehemu moja kwa sauti za Kijapani. Waliopewa kazi hiyo ni walewale wanaowatamkia wahusika katika katuni, akiwemo Mayumi Tanaka, sauti ya Luffy, na ingawa midomo hailingani na maneno, baadhi ya mistari ambayo kwa Kiingereza ilisikika ya kitoto ilinikalia sawasawa. Kwa wazazi, damu ipo ya kutosha. Mpwa wangu aliivumilia, mdogo wake nisingemruhusu.

Kwa kipimo cha nyota tano ninaipa tatu na nusu, na mwaka 2023 niliipa nne na nusu. Nusu nyota mojawapo niliyoipunguza ni kwa ajili ya watoto watatu wa Usopp, na nyingine ni kwa ajili ya Cocoyasi. Tukio la mwisho, pale watano wao wanapoweka mguu juu ya pipa na kila mmoja kutaja ndoto yake, katika manga linafanyika ndani ya dhoruba, mvua ikiwapiga huku wakikaribia mlango wa Grand Line, bahari ya hatari wanayoelekea. Hapa bahari ni shwari na jua linawaka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kulalamika, lakini mpwa wangu alitaka kujua ndani ya pipa lile mlikuwa na nini hasa, tukalazimika kurudisha nyuma ili tutazame vizuri.